Barua kwa shangazi: ile altare uliyoisifia kwenye picha

Shikamoo shangazi. Ile picha niliyokutumia Jumapili ukanijibu "kanisa refu hilo, altare iko mbali kweli", nimecheka kwa furaha maana ndo hivyo hivyo na mimi nilivyoona nikiwa mlangoni, sasa ngoja nikwambie: nyuma ya altare hakuna kitu. Ukuta tu. Zile nguzo na lile dari la kujikunja kama handaki ni plasta iliyofinyangwa na kupakwa rangi, kina chake hakifiki hata mita moja!

Linaitwa Santa Maria presso San Satiro, liko katikati ya Milano, via Torino, limebanwa na maduka mpaka unaweza kulipita usilione. Aliyefanya hiyo kazi ni Bramante, msanifu majengo, miaka ya 1480 hivi, huyu huyu baadaye ndo alianza ujenzi wa kanisa kuu la Mtakatifu Petro kule Roma mwaka 1506. Alitaka kanisa liwe na umbo la msalaba lakini nyuma kuna barabara, kiwanja kimeisha, basi ile sehemu ya juu ya msalaba akaitengeneza kwa hesabu za kudanganya macho. Ukitembea kuelekea mbele unaona kabisa inajikunja, inapungua, mpaka ukifika pembeni ya altare imekuwa bapa.

Watalii wengi wanapiga picha hapo wanaondoka, na hapo ndo roho inaniuma shangazi, kwa sababu kanisa halikujengwa kwa ajili ya huo ufundi. Limejengwa kwa ajili ya Mama. Juu ya altare kuna picha ya zamani ya Bikira Maria na Mtoto, inasimuliwa kwamba mwaka 1242 kijana mmoja aliichoma kisu na ikatoka damu, watu wakaanza kuja kusali, wakaja na wakaja, mpaka ikabidi wajengewe nyumba inayoifaa picha yenyewe.

Na pembeni bado kipo kikanisa kidogo cha karne ya 9, cha Mtakatifu Satiro, kaka yake Mtakatifu Ambrosi, yule askofu wa Milano wa zamani. Nilikaa humo muda mrefu, kimya kabisa, kelele za tramu hata huzisikii.

Mshumaa wa kuombea goti lako nimeuwasha, mbele ya Mama pale pale. Picha ya kutokea pembeni nakutumia jioni, mwonyeshe na mjomba.