Kujadiliana Tunajua, Kikao Hatuitwi

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja. Yapo mliyoandika yakaniudhi, nikayameza na kuendelea na shughuli zangu. Safari hii nimeshindwa. Ile taarifa yenu kuhusu wanawake na meza za majadiliano, iliyomaliza kwa kusema kwamba wanawake wakifundishwa mbinu za kujadiliana basi mgawanyo wa madaraka katika jamii utabadilika, imenitonesha kidonda nilichodhani kimepona.

Mwandishi wenu anaamini mwanamke hapati kwa sababu hajui kudai. Jambo hilo limeshapimwa. Mwaka 2007 watafiti Hannah Riley Bowles, Linda Babcock na Lei Lai walichapisha utafiti wao kuhusu watu wanaothubutu kudai malipo bora. Walioombwa kuwatathmini waombaji kazi walielekea kumkwepa mwanamke aliyedai zaidi kuliko walivyomkwepa mwanamume aliyedai vilevile. Kwa hiyo mwanamke anayenyamaza huenda amepiga hesabu yake vizuri sana. Anajua akidai atapoteza nini. Kumwambia aende kujifunza kudai ni kumtwisha gharama ambayo wengine hawailipi.

Sasa nieleze yaliyonipata. Mahali nilipokuwa nikifanya kazi zamani, nilichaguliwa kuingia kamati ya wafanyakazi iliyokaa na menejimenti kujadili mkataba wa hali bora. Tulikuwa wajumbe kumi na mmoja, wanawake watatu. Kikao cha kwanza hakijamaliza dakika tano, daftari likasukumwa mbele yangu: "Dada, wewe una mwandiko mzuri, tuandikie kumbukumbu." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuuona mwandiko wangu. Nikaandika. Na anayeshika kalamu ya kikao hapati nafasi ya kusema. Ukiinua kichwa kutoa hoja, wenzako wameshafika mbele, na ni wewe unayetakiwa kuandika kwamba wote wameafiki. Hata hivyo sisi watatu tulikuwa na hoja moja na tuliipigania kwa siku tatu: usafiri wa kuwarudisha nyumbani wanaotoka zamu ya usiku. Tulikuwa tumejiandaa. Tulikusanya ratiba za zamu za miezi sita, tukahesabu wanaotoka saa sita usiku, tukaonyesha nani anatembea umbali gani gizani. Menejimenti ilianza kwa kukataa katakata, siku ya pili ikaanza kuuliza maswali, na jioni ya siku ya tatu msemaji wao akatamka kwamba gari moja la kuanzia linaweza kufikiriwa. Kikao kikaahirishwa hadi asubuhi. Mimi nikakimbilia nyumbani, nilikuwa na mtoto mdogo wa kupokea. Asubuhi nakuta mkataba umeshachapwa, uko mezani unasubiri saini. Gari halimo. Badala yake kimeongezwa kiwango cha malipo ya muda wa ziada kwa mafundi, na mafundi wote walikuwa wanaume. Nikauliza, haya yameamuliwa lini? Mwenyekiti akanijibu, na nasema mwenyekiti wetu sisi wafanyakazi, wala si mtu wa menejimenti, akanijibu kwa upole kabisa: "Dada, jana mlipoondoka tuliendelea kidogo pale nje kwenye maegesho. Usiliweke moyoni, tumeokoa muda."

Nakuuliza, Mhariri, ni mbinu ipi ya kujadiliana ambayo ingenifaa pale kwenye maegesho, wakati mimi sikuwepo na sikujua kuna kikao? Ndani ya chumba tulishinda. Tulishinda kwa hoja, kwa hesabu na kwa uvumilivu, yaani kwa yaleyale ambayo taarifa yenu inasema tunayakosa. Wakaenda kuyamalizia mahali ambapo hoja haina kazi, mahali ambapo watu wanaelewana kwa sababu wamezoeana, na hakuna anayeandika chochote. Nilikataa kuandika kwamba kamati imeamua. Niliandika hivi: "Kifungu hiki hakikujadiliwa kikaoni." Nikaombwa niifute sentensi hiyo mara tatu, ya mwisho kwa sauti iliyopanda, nikagoma. Mwezi uliofuata kamati ikaundwa upya na jina langu halimo. Niliambiwa sina moyo wa ushirikiano. Mwenzetu mmoja wa zamu ya usiku, ambaye kwa ajili yake hasa tulileta ile hoja, aliacha kazi kabla mwaka haujaisha kwa sababu ya kuogopa njia. Huyo simsahau.

Msidhani haya ni mambo ya kiwandani na ofisini tu. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 1325 mwezi Oktoba 2000, likitaka wanawake washiriki katika kuleta amani. Hata hivyo hesabu zinazotolewa na UN Women, shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia wanawake, zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1992 na 2019, katika mazungumzo makubwa ya amani, wanawake walikuwa kwa wastani asilimia 13 ya wajadili, asilimia 6 ya wapatanishi na asilimia 6 ya waliotia saini. Mwaka 2003, mazungumzo ya kumaliza vita vya Liberia yalipokwama Accra, Ghana, wanawake waliokuwa pamoja na Leymah Gbowee, Mliberia aliyeongoza wanawake wenzake kudai amani, ilibidi wakae chini mlangoni na kuwazuia wajumbe wasitoke. Walikuwa mlangoni kwa sababu ndani hawakuwa na viti.

Mazungumzo ya amani ya Burundi yaliyofanyika Arusha ndiyo yananiuma zaidi. Wanawake waliingia wakiwa waangalizi. Mwangalizi anaona kila kitu na hana kauli. Hawakukubali kuishia hapo. Julai 2000 walifanya mkutano wao, wakatoka na orodha ya mapendekezo, na mengi kati yake yakaingia katika mkataba uliosainiwa mwezi uliofuata. Lakini tazama lililoachwa: takwa lao la kutengewa asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi. Hilo lilisubiri hadi katiba ya mwaka 2005. Waliposema juu ya wakimbizi, ardhi na watoto walisikilizwa. Walipofika kwenye suala la nani ataamua kesho, wakaambiwa ngojeni.

Ireland ya Kaskazini ilikuwa tofauti, na sababu yake ni ya kawaida mno hadi mwandishi wenu ameipita bila kuiona. Uchaguzi wa mwaka 1996 wa kuwapata wajumbe wa mazungumzo ya amani ulikuwa na kanuni kwamba kila chama kati ya vyama kumi vya kwanza kwa kura kinapata viti viwili vya ziada. Chama cha Northern Ireland Women's Coalition, yaani muungano wa wanawake, kilikuwa na umri wa wiki chache tu, kikapata takriban asilimia 1 ya kura, na kanuni hiyo ikawaingiza wajumbe wake wawili, Monica McWilliams na Pearl Sagar. Walizomewa, walikejeliwa, wakabaki. Mkataba wa Aprili 1998 ukaja na maneno kuhusu waathirika wa machafuko, elimu ya pamoja kwa watoto wa pande zote, na haki ya wanawake kushiriki siasa kwa ukamilifu na usawa. Ujuzi walikuwa nao tangu zamani, katika vyama vya wafanyakazi na vikundi vya mitaa. Kilichobadilika ni sharti la mlango.

Na hapa niseme jingine ambalo limenichosha: hizi semina za kutujengea uwezo. Nimehudhuria sita. Kila moja imenipa cheti na mkufunzi aliyenifundisha namna ya kukaa, kutazama machoni na kushusha sauti nisionekane mkali. Sijawahi kusikia semina moja ya kumfundisha mwenyekiti asihamishie kikao nje. Sijawahi kuona cheti cha mwanamume aliyejifunza kungoja zamu yake ya kusema. Wiki ile ile tunayofungiwa ukumbini kujengewa uwezo, bajeti inapangwa kwingine na watu ambao hakuna aliyewahi kuutilia shaka uwezo wao. Na nyie waandishi mnakuja kupiga picha za semina, mnauliza mgeni rasmi amesemaje, mnaondoka. Mkiandika habari za mwanamke aliyeongoza mazungumzo magumu, aya ya pili inaeleza alivyovaa na ana watoto wangapi. Aliyekaa upande wa pili wa meza hamjawahi kumuuliza habari ya watoto wake.

Watasema wapo wanawake ambao wakipata nafasi nao watakwenda kwenye maegesho. Wapo, nimewaona. Ndiyo maana sitaki tuishie kuhesabu vichwa, wala sitaki tufundishwe kuyapenda maegesho. Nataka kinachoamuliwa kule kisiwe na nguvu, hata aamue nani.

Napendekeza hivi, na niko tayari kuyatetea popote. Kumbukumbu za kikao chochote cha majadiliano ziandikwe na mwenye cheo kikubwa kuliko wote chumbani, siku ya pili na anayemfuatia, hadi zamu imzunguke kila mtu. Wiki mbili tu zitatosha kwa wakubwa kujua kalamu inavyomfunga mtu mdomo. Ajenda iwafikie wote saa 48 kabla, na muda wa kufunga uheshimiwe kama wa kufungua, kwa sababu kikao kisicho na mwisho huwa cha wale wasio na wa kumpikia. Jambo lolote lililozungumzwa nje lisomwe kwa sauti kikao kinapofunguliwa, pamoja na majina ya waliokuwepo na mahali walipokuwa, kisha liulizwe upya kana kwamba halijawahi kuzungumzwa. Na kwenu nyinyi: kila mnapochapa habari ya makubaliano, yawe ya mishahara, ya ardhi au ya amani, andikeni chini ya picha wanawake wangapi walikuwa na kauli, wangapi walikuwa waangalizi na wangapi walisaini. Ni mstari mmoja. Anzeni na ile ile taarifa iliyonifanya niandike, maana picha yake ina watu tisa na mwanamke pekee amesimama pembeni, ameshika daftari.

Wenu,
Aliyekuwa katibu wa kamati