Msiwaelekeze abiria Kasenyi mkaishia hapo

Mhariri,

Ile taarifa yenu ya abiria waliokosa nafasi kwenye meli ya Kalangala, ile inayovuka Ziwa Victoria kwenda kisiwa cha Bugala, pale bandari ya Nakiwogo hapa Entebbe, Uganda, ilimalizia kwa kusema kwamba mashua zipo kwenye mwalo wa Kasenyi. Basi. Nimesoma gazeti hili miaka mingi bila kuandika neno, lakini sentensi ile inaweza kumzamisha mtu.

Meli ikijaa, anayekwenda kisiwa cha Bugala apite barabarani kwanza: Masaka, kisha Bukakata, avuke kwa kivuko hadi Luuku. Kivuko hicho hakitozi nauli. Foleni inayochosha pale ni ya magari, kwa hiyo gari likikosa nafasi liache Bukakata uvuke kwa miguu, utafute usafiri ng'ambo. Utachelewa, lakini utafika.

Anayekwenda visiwa kama Koome mara nyingi hana budi kupanda mashua ya mbao. Kabla hajalipa, aulize kama kuna mashine ya pili, au walau plagi za akiba na petroli ya ziada. Mashine ikizima katikati ya ziwa, mashua hugeukia mawimbi ubavu, na hapo ndipo maji yanapoingia. Mashine nyingi za mwaloni huchanganywa oili kwenye petroli, kwa kawaida lita 1 kwa lita 50. Oili ikizidi, plagi hushika masizi. Ikipungua, pistoni hukwama. Saa nayo aichague: mvua za radi ziwani hunyesha zaidi usiku na alfajiri, na mchana upepo unaovuma kutoka ziwani huinua mawimbi upande huu wetu wa Entebbe. Asubuhi, mbingu ikishatakata, ndiyo saa ya kuondoka.

Sasa hizo jaketi za kuokoa maisha. Nendeni mwaloni mkazibonyeze. Ndani ya nyingine kuna sponji ya godoro, inayonywa maji badala ya kuelea. Kamba zimekatika zikaungwa kwa uzi wa nyavu. Ya mtoto hakuna, anavikwa ya mtu mzima, na akitumbukia itabaki juu yeye ateleze chini. Zilizo nzima zimefungiwa chini ya magunia eti zisilowe! Na magunia yenyewe ni ya nini kwenye chombo cha abiria? Mkaa, matoke na mukene (dagaa) hupakiwa kwanza, watu wanakalishwa juu yake, uzito wote unapanda na mashua inayumba kwa wimbi dogo tu. Agosti 2023 watu 20 walikufa kwenye mashua iliyotoka visiwa vya Koome ikiwa na shehena ya namna hiyo hiyo, na polisi walitaja uzito kupita kiasi na hali mbaya ya hewa. Mpaka leo magunia yanatangulia.

Kila mashua ipakwe mstari mweupe wa upana wa vidole vitatu, pande zote mbili, sentimita 40 chini ya ukingo. Maji yakiufunika, magunia yashuke kwanza, kisha watu, mpaka uonekane. Anayehesabu abiria asiwe mwenye mashua wala mpiga debe, na majina ya abiria yaandikwe kwenye daftari linalobaki nchi kavu. Mashua ya starehe MV Templar ilipozama wilaya ya Mukono, Novemba 2018, waokoaji walikuwa wakitafuta miili bila kujua kwa hakika watu wangapi walikuwa ndani.

Nahodha mstaafu,
Entebbe