Salamu za Krismasi kutoka Tukuyu

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki mlioko Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya na kwingineko. Kwa niaba ya mama na familia yote, nawatakia heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye baraka tele. Tumshukuru Mungu aliyetuvusha.

Tumevuka kwa shida. Mvua zimeshika, mahindi yanadai mbolea, na pamoja na ruzuku mfuko wa DAP bado unamtoa mtu jasho. Nauli za sikukuu ndizo hizo, na wapo watoto wetu watakaoila Krismasi ugenini. Kwetu hii ni ya kwanza bila baba.

Wengi mmeniuliza kuhusu ile safari ya Agosti. Baba alifanya kazi Iringa mpaka akastaafu, na kila mwaka alisema baiskeli yake ya Phoenix ataiendesha mwenyewe mpaka nyumbani. Tulipomleta kumzika, baiskeli ilibaki Iringa, imeegemea ukuta. Kuipakia kwenye basi nilishindwa, moyo ulikataa. Nikaondoka nayo peke yangu, zaidi ya kilomita 300 mpaka Mbeya, halafu Isyonje na kuteremkia Kiwira.

Upepo wa Makambako mnaujua. Ulinitoa kwenye lami, nikawa nakokota. Giza lilipoingia, mama mmoja aliyekuwa akifunga genge lake aliniuliza kama nimekula kabla hajaniuliza jina. Nililala chumba cha wanawe, na blanketi zito wakanipa mimi. Mlima wa Inyala, utingo wa lori la Tunduma aliruka chini, akanishikisha chupa ya maji, akalikimbilia lori lake lililokuwa likijikongoja kwa gia ya kwanza. Hata uso wake sikuushika vizuri.

Lakini yule mzee fundi wa Igurusi sitamsahau. Alinizibia pancha, akanyoosha na spoku, na aliposikia baiskeli ni ya nani akazirudisha hela zangu mfukoni kwa mkono wake. "Mfikishe mzee nyumbani, mwanangu." Msibani sikulia, ndugu zangu. Nililia pale, barabarani, mbele ya watu.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na ziada. Kwa hiyo nawasihi: ugumu wa maisha usitufungishe milango. Mlinzi wa usiku, kibarua wa chai aliyekosa nauli, dereva wa lori lililoharibika Uyole, waiteni mezani hata kama kilichopikwa ni kande. Huyu tunayemsherehekea alizaliwa kwa wazazi waliokosa nafasi, nasi tutamwimbia usiku kucha huku mgeni amesimama mlangoni? Wazazi, watumeni watoto wapeleke sahani kwa jirani wasiyemjua. Vijana, tupunguze pombe. Wenye magari, muoneeni huruma mwendesha baiskeli, mpisheni, naye anatarajiwa kwao. Na tusingoje kusaidiwa kwanza ndipo tusaidie, maana wale niliowataja hawatanipata tena niwalipe, na hawakuuliza.

Mama anawasalimu sana. Baada ya Krismasi tutafanya ibada ya shukrani kwa ajili ya baba, hapa hapa nyumbani. Atakayeweza kufika afike, na kama ana mwenzake wa safari asiye na pa kwenda aje naye. Ndizi zipo, na pa kulala papo.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya.