Risala ya Familia za Askari Wanaozungumza Kiswahili kwa Mgeni Rasmi

Ndugu Mgeni Rasmi, Meja na mwanasheria wa jeshi, wazee wetu, askari mliopata ruhusa na mliotoroka zamu kwa saa mbili, kina mama, kina baba na watoto:

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, na tunakushukuru wewe kwa kukubali mwaliko wetu.

Meja, kikundi hiki kilianza kwa ajili ya kufa na kuzikana. Wengi wetu tulifika hapa kambini Marekani kwa sababu mume au mke aliingia Jeshi la Marekani akitokea Kenya, Tanzania, Kongo au Burundi, na msiba ukitokea nyumbani nauli inachangwa humu humu. Kazi hiyo tunaendelea nayo. Ila siku hizi kikaoni habari za michango zinaisha mapema, na muda wote unaobaki tunazungumzia dari zinazovuja.

Wewe sheria unaijua, lakini wapo waliokuja kwa ajili ya pilau, tuwaeleze kidogo. Kufuatia sheria ya 1996, nyumba za familia kwenye kambi zilizo ndani ya Marekani zilianza kukabidhiwa kampuni binafsi, kwa mikataba ambayo mingi ni ya miaka 50. Leo karibu zote ziko mikononi mwao. Askari anapewa posho ya nyumba, na kwa anayeishi kambini posho hiyo kwa kawaida inapitiliza hadi kwa kampuni. Mpangaji wa Tandika au Kayole fundi asipotokea, anaweza kumzungusha mwenye nyumba kodi ya mwezi. Sisi kodi imeshakwenda kabla hatujaamka.

Mwenzetu mmoja ameturuhusu tueleze yake bila kumtaja. Ukungu mweusi ulianza kwenye kabati la nguo la mwanawe, nyuma ya viatu, ukapanda hadi darini. Kiyoyozi kilikuwa kinavuja ndani ya ukuta. Akatuma ombi la matengenezo kwa simu. Fundi akaja, akapangusa, akapaka rangi nyeupe juu yake, akaenda zake. Jioni ujumbe ukaingia kwamba ombi limekamilika, na je, atawapa nyota ngapi? Rangi haikumaliza mwezi. Mtoto anatumia dawa ya kuvuta ya pumu, na usiku analala sebuleni na mama yake. Baba yuko nje ya nchi kikazi, na mama akipiga simu ofisini anajibiwa kuwa mwenye mkataba ni askari, basi apige yeye. Apige kutoka huko aliko, saa ngapi?

Ombi kufungwa kabla ya kazi kwisha si jambo dogo. Desemba 2021 Balfour Beatty Communities, mojawapo ya kampuni hizi za nyumba za kambini, ilikiri kosa la ulaghai katika mahakama ya shirikisho: wafanyakazi wake walichezea kumbukumbu za matengenezo ili kampuni ilipwe ziada ya utendaji mzuri. Iliamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 65. Kampuni yetu hapa ni nyingine, na hatumbebeshi mtu kosa la jirani yake. Lakini tumejifunza kwamba tarehe ya kufunga ombi inaweza kuwa na bei.

Tunajua pia kuwa haki zipo. Wake wa askari walikwenda kutoa ushahidi kuhusu nyumba hizi kwenye Seneti ya Marekani Februari 2019, na mwishoni mwa mwaka huo ikapitishwa sheria ya haki za mpangaji: kuoneshwa historia ya matengenezo ya nyumba kwa miaka 7 iliyopita, kuwa na njia rasmi ya kusikilizwa mgogoro, kuomba kodi izuiliwe mpaka uamuzi utoke, na kutolipiziwa kisasi. Wengi wetu tulisaini mkataba siku ya kupokea funguo, mizigo iko kwenye gari na watoto wanalia njaa. Historia ya nyumba nani aliiulizia? Halafu kuna woga. Askari wa cheo cha chini hataki jina lake lifike kwa mkuu wake kwa sababu ya bomba la sinki. Huenda woga huo hauna msingi, ila upo, na unawanufaisha wengine.

Kwa hiyo Meja, fedha hatuombi. Tunaomba ofisi yako itutengee Jumamosi moja kila mwezi, tuje na mikataba yetu na picha zetu tuelekezwe namna ya kufungua mgogoro kwa maandishi. Wakalimani wa Kiswahili tutawatoa sisi, na chai ya tangawizi pia. Tunaomba vilevile mtu asiyelipwa na kampuni awepo nyumba inapokaguliwa baada ya matengenezo.

Na kubwa kuliko yote, kila askari anayeondoka amwachie mwenzi wake hati ya uwakilishi, yaani karatasi ya kisheria ya kumruhusu mwenzi kuamua kwa niaba yake, inayotaja nyumba waziwazi. Hilo tungependa lianze sasa, kwa sababu kuna wenzetu wanaoondoka hivi karibuni na bado hawajaandika chochote. Baadhi yao wamekaa mstari wa pili hapo mbele yako.

Tunaomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanakikundi.