Kwa vijana wa baraza ya kahawa: kile hakikuwa kipapai

Wanangu wa Ngamiani, hapa Tanga, hamjambo.

Juzi kwenye arobaini ya mwenzenu nilikaa upande wa kina mama, turubai tu ndilo lililotutenga nanyi. Nikawasikia. "Mtu mzima na afya yake, juzi tulikuwa naye hapa! Kile kipapai." Yaani uchawi wa kurushiwa. Mwingine akaitikia, "Na aliyekirusha tunamjua." Nikaliacha pilau likapoa. Miaka 34 nimekuwa muuguzi, nimewageuza waliopooza usiku kucha wasipate vidonda vya mgongo, leo nikae kimya jirani asingiziwe uchawi? Mlisema hadharani, nami nawajibu hadharani: kilichomuua ni presha, na unene mlioushangilia.

Marehemu alikuwa na miaka 43. Mwaka jana nilimpima mwenyewe kibarazani kwangu: presha 190 kwa 120. Mtu mzima akipimwa siku mbalimbali na ikawa haishuki chini ya 140 kwa 90, huyo ana ugonjwa. Nikampeleka kliniki, akapewa vidonge, akameza wiki mbili. Akajiona mzima, maana presha haiumi, ndiyo hila yake. Na mmoja wenu, simtaji, akamwambia dawa zile zinamaliza nguvu za kiume. Wewe uliyesema: presha yenyewe na kisukari ndivyo vinavyoharibu mishipa ya huko unakokuhofia. Dawa ikimsumbua mtu, anasema, anabadilishiwa.

Basi akalisikiliza baraza. Alfajiri ile kiharusi kilipompata, mdomo ukapinda na mkono ukalegea, alipelekwa kwa fundi, mganga wenu. Siku mbili za ubani na kombe. Ubongo uliokosa damu huhesabiwa saa, wanangu, nyie mlihesabu siku. Wodini alifika siku ya tatu.

Hata hivyo la fundi si linaloniuma zaidi. Linaloniuma ni sifa zenu.

Kijana huyu alipooa shati lilikuwa linampwaya. Tumbo lilipoanza kutokeza mkampokea kwa shangwe: "Bosi! Pesa imekubali! Shemeji anajua kupika!" Na pale alipoanza kutembea asubuhi mpaka Raskazone, akapungua kidogo, mkamkodolea macho. "Vipi, mbona umekwisha? Unaumwa?" Nilikuwa napita na kapu langu la sokoni, niliyasikia kwa masikio yangu. Haikupita wiki akaacha kutembea. Akarudi kwenye benchi, kwenye kashata na soda ya baridi. Kahawa yenu chungu haina kosa. Ila chupa moja ya soda ya mililita 350 ina sukari kama vijiko 9 vya chai, naye alikunywa mbili kabla ya adhuhuri, kisha jioni chipsi mayai.

Maneno yale najua yalikotoka, na mimi si msafi. Miaka ya 1990 wodi zetu zilijaa vijana waliokonda kwa UKIMWI, dawa za kufubaza virusi hazijafika. Ukipungua kilo tatu mtaa mzima unanong'ona. Kunenepa kukawa ndiyo cheti cha usalama, nami nilikuwa nikimwona mtu na shavu lake namwambia, "Alhamdulillahi, umenawiri." Dawa zimefika zamani sasa, lakini hofu ile bado tunayo mdomoni, na tunawalisha nayo watoto wetu.

Sikilizeni kinachofanyika ndani. Mafuta ya chini ya ngozi yana nafuu kidogo. Yale yanayojaa ndani ya tumbo, yakazunguka matumbo na ini, hayatulii. Yanamwagia ini mafuta mpaka nalo linanenepa. Insulini, homoni ya kupitisha sukari, inapiga hodi kwenye misuli ili sukari ipokelewe, hodi, hodi, haitikiwi. Sukari inabaki kwenye damu, inakwangua mishipa ya macho, ya figo, ya miguu. Presha nayo inapanda. Figo zikifa, mtu anasafishwa damu kwa mashine, mara nyingi mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne. Muulizeni aliyeuza kiwanja kwa ajili hiyo. Ziko na saratani zinazofuatana na unene, ya utumbo mpana, ya mji wa mimba, ya matiti kwa aliyekoma hedhi. Sitaziorodhesha zote.

Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti wa vijiji sita vya nchi hii: wenye kisukari hawakufika hata mmoja katika kila watu wazima 100. Utafiti wa taifa wa 2012 ukakuta karibu 9 katika kila 100, kwa watu wa miaka 25 hadi 64. Niambieni, wachawi nao wameongezeka mara tisa?

Simtukani mnene. Wapo waliorithi, na wapo wanene kwa umaskini, maana sembe na chai ya sukari ndivyo vinavyoshibisha kwa bei ndogo. Na wakubwa wetu nao wana lao. Machungwa ya Muheza yanaozea chini ya miti msimu ukifika, huku watoto wa shule wananunuliwa juisi za unga. Zahanati unaweza kuikuta ina rangi mpya ukutani na mashine ya presha imeharibika. Barabara inajengwa, mtembea kwa miguu anaachiwa mtaro. Mwaka 2011 tulipanga foleni Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500, na wapo walioacha sindano zao za kisukari nyumbani. Tunapenda muujiza. Dakika 30 za kutembea, siku tano kwa wiki, zinatuchosha.

Mengine mnayajua: chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na iliyomo kwenye mkate. Sigara, acheni. Anayekoroma mpaka pumzi inakatika aende hospitali. Na wewe mwenye kilo 100, ukipunguza 5 au 7 tu umeshaiweka mbali hatari ya kisukari, hakuna anayekutaka uwe kijiti.

Jumamosi baada ya sala ya alfajiri nitakaa kibarazani na mashine yangu ya presha na futi kamba niliyoazima kwa fundi cherehani. Kiuno kisizidi nusu ya urefu wako: mwenye sentimita 170 asipite 85. Msivute tumbo ndani, nitawaona. Mjane wake atakuja na mwanawe mkubwa, ana miaka 16 na shati limeanza kumbana. Atakayemwambia amependeza kama baba yake, aondoke barazani kwangu.

Bibi yenu.