Jumamosi tuje na viti vya watoto

Wazazi wenzangu wa watoto wenye mtindio wa ubongo, yaani ubongo ulioathirika mapema hadi mwili ukawa mgumu kuumudu, wakubwa shikamooni, wengine habari za asubuhi. Jumamosi saa nne mtaalamu wa mazoezi ya viungo atakuwa nasi. Kila mmoja aje na kiti anachokalia mtoto wake, hata kile cha maboksi na gundi ya unga wa ngano. Ataangalia kama nyayo zinafika chini na kama mgongo umeegemea vizuri. Mwezi uliopita mliona wenyewe: mtoto aliyekuwa akipaliwa kila kijiko cha uji, alipokalishwa wima, kidevu kikainamishwa kidogo, alimaliza kikombe. Halafu akacheka! Mtindio wa ubongo hauponi, lakini kula kwa raha kunawezekana. Dawa za kifafa msisahau nyumbani, juzi tulihangaika. Nauli ikikwama, niandikie pembeni.