Mkalimani nilikuwa mimi, na hapo ndipo palipoharibika

Mhariri, assalamu alaykum, wewe na wasomaji wenu wote.

Nnaandika kutoka Wete na mwanzo kabisa nakuombeni jina langu msilitoe, maana kisiwa hichi ukishamtaja mtu mmoja umetaja ukoo, umetaja mashemegi na umetaja mpaka nyumba ya jirani. Habari yenyewe ni ya mdogo wangu wa kike. Ni kiziwi. Alikuwa anasikia vizuri mpaka alipofika miaka minne, akapata homa ya uti wa mgongo, homa ikaondoka lakini masikio hayakurudi. Yeye mwenyewe kanambia andika, basi naandika.

Mwaka jana aliachwa, mtoto bado ananyonya. Alipotoka edani tukadhani sasa atapumua, kumbe ndio kwanza yanaanza. Halali, chakula anakigeuzageuza tu sahanini, na ule ukili wake, maana yeye ni fundi wa ukili wallahi sisemi kwa kuwa ni ndugu yangu, ukabaki umesukwa nusu juu ya kitanda mpaka ukakauka. Bimkubwa akampeleka kusomewa. Sina neno na kisomo, mimi mwenyewe nikisomewa natulia, ila siku ile nimekaa pembeni namtazama nikawa nawaza jamani huyu si hasikii, anachokiona hapa ni midomo ya sheikh inavyokwenda tu. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, kanywa siku saba, akashukuru, akarudi kulala, yaani kutolala.

Muuguzi mmoja ndio akatwambia kuna ushauri nasaha hospitali, mpelekeni akazungumze na kaunsela. Hospitali siitaji na kaunsela simlaumu, binti mpole, katupokea vizuri, kafunga mlango na feni katuwashia. Tatizo lilikuwa lugha ya alama haijui hata kidogo, na mimi naijua ile ya nyumbani, ishara zetu za utotoni, za kula, kulala, baba kaja, mvua hiyo ingiza nguo. Basi mkalimani nikawa mimi.

Muulize analala saa ngapi. Hilo nikaliweza. Muulize chakula anakula. Nikaliweza. Halafu kaunsela akasema, muulize ndani ya ndoa yake palikuwa na nini. Sasa Mhariri, mimi ni kaka yake, hilo naliuliza kwa mkono gani? Nikaligeuza nikamuuliza mumeo alikuwa mkali, akanitazama, akatikisa kichwa, akatazama chini. Na muda wote ule kaunsela ananitazama mimi, anazungumza na mimi, mgonjwa yupo katikati kama mzigo tulioupeleka kupimwa uzito. Mwisho akasema, muulize kama kawahi kufikiria kujidhuru. Mikono yangu haikuinuka. Nikajibu mwenyewe palepale, hapana, hajawahi. Kwenye kadi ikaandikwa hapana, na ile hapana ilikuwa yangu, yeye hata hajui kama kaulizwa.

Baada ya kama wiki tatu hivi niliamka usiku kwenda kunywa maji. Jikoni taa inawaka. Nikachungulia, namkuta kaegemeza simu kwenye kopo la maziwa ya unga, yuko kwenye vidio koli na mwenziwe wa Unguja aliesoma nae, kiziwi kama yeye, na mikono inakwenda mbio sijapata kuiona inakwenda vile nyumbani kwetu. Analia, anafuta machozi kwa kanga, anaendelea, mara anacheka, mara yule wa upande wa pili anamsimamisha kwa kidole kama anamwambia hebu rejea hapo. Sikuelewa hata robo, na nilichokielewa hakikuwa changu. Nikarudi kulala na kiu yangu.

Asubuhi nikaenda hospitali peke yangu nikamwambia kaunsela ukweli, ile hapana niliyokupa sikumuuliza. Hakunigombeza. Akasema, na mimi ningejuaje.

Basi toka hapo nikawa nasoma habari hizi mtandaoni usiku mpaka mke wangu akaanza kunishuku. Nikaona kumbe wenzetu wa Marekani hili la mtu kutafutiwa mshauri anaefanana nae wamelivalia njuga zamani. Kuna mwanasaikolojia mwanamke mweusi anaitwa Dk. Joy Harden Bradford, mwaka 2014 alianzisha kitu kinaitwa Therapy for Black Girls, mna orodha ya washauri, dada mweusi anaingia anatafuta mshauri wa huko anakoishi anaejua maisha yake. Na sababu ilikuwepo, kwa hesabu za chama cha wanasaikolojia wa huko za mwaka 2015 katika kila wanasaikolojia 100 waliokuwa kazini 86 walikuwa wazungu na weusi 4 tu, wakati weusi katika nchi ile ni kama 13 katika kila watu 100. Sasa mtu kadharauliwa kazini kwa rangi yake, anakwenda kwa mshauri, saa nzima inakwisha anamsomesha mshauri ubaguzi ni nini, na pesa analipa yeye. Na kwa viziwi khasa, Washington kuna chuo kikuu chao, Gallaudet, kipo tangu 1864, na washauri viziwi wanasomeshwa hapo.

Lakini nisije nikaonekana nimeleta dawa ya miujiza. Mwaka 2011 watafiti wawili, Cabral na Smith, walikusanya tafiti chungu nzima wakazipima pamoja, wakakuta kweli watu wanapenda mshauri wa rangi yao na wanamuona vizuri zaidi, ila kwenye kupata nafuu tofauti ikawa ndogo karibu na hakuna, kwa weusi wa Marekani ndio ilionekana kidogo. Hilo lilinivunja nguvu, nikaiweka simu siku mbili. Halafu nikajiambia rangi ni jambo moja, lugha ni jengine. Mshauri asiefanana na wewe anaweza kukusikiliza akakufaa, mimi nishapata kusaidiwa na mtu wa mbali sana na kwetu, lakini yule asieelewa hata neno lako moja atakusaidia kwa lipi? Kiziwi wa Pemba hajafika bado kwenye kuchagua wa kufanana nae, yupo nyuma zaidi, anatafuta wa kuelewana nae tu.

Kwa hiyo mfano ulionikaa zaidi si wa Marekani, ni wa Zimbabwe. Kule daktari wa akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianza na mabibi 14 katika mtaa wa Mbare mjini Harare, mabibi wa mtaani tu, akawafundisha kumsikiliza mtu na kumsaidia atafute njia ya tatizo lake, wakawa wanakaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Hawakumwambia mtu una ugonjwa fulani wa jina la kitabuni, wametumia neno lao la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, sawa na sisi tunavyosema fulani mawazo yamemzidi. Mwaka 2016 ikatoka tafiti kwenye jarida kubwa la madaktari la Marekani kuonesha kwamba waliokaa na mabibi wale walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Benchi lile limefika Malawi, limefika New York, na hapa hapa Zanzibar limejaribiwa. Sasa mimi nauliza, kama bibi wa mtaani kaweza kufundishwa, kwa nini asifundishwe mwanamke kiziwi mwenye busara zake akakaa na viziwi wenziwe? Wapo, mimi nawajua wawili, mmoja anashona nguo na kila ugomvi wa ndoa za viziwi huku kwetu unaishia kibarazani kwake, kazi hiyo anaifanya bure na hajui kama ina jina.

Nilipomuuliza mdogo wangu mwenyewe anataka nini, siku hizi tunaandikiana watsapu hata tukiwa chumba kimoja, akaniandikia "Nataka kiziwi. Mwanamke. Sitaki wa Wete." Nikauliza kwa nini asiwe wa Wete. "Ataniona harusini." Basi. Na ana haki, viziwi wa hapa wanajuana wote, habari ya asubuhi Wete adhuhuri iko Chake, na anaekufahamu sana ndio huyo huyo unaemuogopa. Hili wanaosema tu mtafutieni wa kwao wanalisahau, wa kwenu ndio anaemjua shangazi yako. Mmakonde Mkristo anaeishi shamba huku, au albino, sidhani kama mambo yao ni mepesi zaidi.

Na ndio maana sisemi kila kiziwi apewe kiziwi, nasema aulizwe. Kwenye zile fomu za hospitali tunaulizwa umri, shehia, dini, namba ya simu ya jamaa, pangekuwepo na pa kuuliza unataka kuzungumza na nani na kwa lugha gani. Jamaa wa mgonjwa asigeuzwe mkalimani, khasa kaka kwa dada au mume kwa mke, kama hapana mtu basi iwekwe vidio koli na anaejua alama akiwa Unguja au Dar, chumba kipo, intaneti ya hospitali ipo, mdogo wangu kafanya hayo jikoni kwa bando lake la elfu moja. Tanzania imeridhia mkataba wa umoja wa mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2009, haya si ya kuombana fadhila. Uganda, jirani zetu hao, lugha ya alama wameitia ndani ya katiba yao tangu 1995.

Najua wapo watakaosema kuna maradhi ya kweli yanasubiri, mawazo ya mwanamke alieachwa si ya kuandikiwa gazeti, na ukitaja habari za akili kwetu wengine wanakutania tu kwa Kidongo Chekundu, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Unguja. Waseme. Mimi nimekaa kwenye kile kiti nikaona mtu anatibiwa kwa majibu ya mtu mwengine.

Barua hii nimempa aisome kabla sijaituma. Kafuta sentensi mbili za mumewe, na kila nilipoandika "maskini mdogo wangu" kaikata ile maskini kwa kalamu nyekundu, zilikuwa tatu.

Msomaji wenu,
Wete, Pemba